Kwa Nini Matope ya Mtaro Hucheua

Zamani mitaro ya mashambani ilikuwa haipumui. Matope yake yalilala kimya, na hakuna aliyeyapenda. Mkulima mmoja, Nyamizi, ndiye aliyeyachukia kuliko wote. Kila baada ya mavuno aliukwangua kwa jembe mtaro wa majaruba yake ya mpunga mpaka udongo mwekundu ukaonekana, na wapita njia wakamsifu. Nanyi mnajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nyamizi akazidi kukwangua, hata jani moja hakuacha.

Maji yakawa yanakimbia mtaroni bila kutua, yamebeba ukali wote wa samadi ya majaruba, yakaingia kisima cha bondeni. Huko ndiko alikoolewa Kabula, binti yake wa pekee.

Siku moja Kabula alipanda kwa mama yake na mtoto mchanga mgongoni. Midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu, pumzi yake fupi.

“Mama,” alisema, “maji ya mtaro wako yananiulia mtoto.”

Nyamizi aliona aibu. Aliwaacha nyumbani mtoto akinyweshwa maji ya chemchemi ya mlimani, akaenda kuketi kando ya mtaro. Tope pekee lililosalia lilikuwa chini ya kucha zake, na humo akasikia sauti nyembamba. Walikuwa wadogo wa matope, viumbe wasioonekana kwa macho.

“Ukali huo ndio chakula chetu,” walisema, “lakini kila tukikaa watufukuza kwa jembe. Turudishie tope, majani yaoze, maji yatembee polepole.”

“Nitajuaje kama mmekula?”

“Tukishiba tutacheua.”

Basi Nyamizi, yule aliyejivunia usafi, akarudisha tope kwa mikono yake, akapanda matete mchana kweupe. Watu wakamcheka, akawaacha wacheke. Mvua zilipokuja, maji yakachelewa kati ya matete, na tope likatoa povu moja, kisha mengi. Maji ya kisima yakapoteza ukali. Kabula akamfunga mgongoni mtoto wake, midomo imerudia rangi yake, akashuka kwake bondeni.

Na tangu siku hiyo matope ya mtaro hucheua, na ukali wa samadi hupanda angani badala ya kushuka kisimani. Ndiyo maana kwetu mtaro haukwanguliwi hadi mwisho. Na mama anayemwoza binti yake bondeni, kabla hata ya kuulizwa habari za mahari, huulizwa kwanza: “Mtaro wako unacheua?”