Kesi ya Jogoo na Sindano

Hapo zamani, wenzangu, sindano zikichemshwa sufuriani kama viazi, Mzee Mbwambo wa Upareni alivimba mguu. Kwa dawa ungepona. Bila dawa ungekatwa. Lakini mzee huyu, shujaa wa kesi zote za mipaka, aliogopa sindano. Jirani yake aliwahi kuchomwa vibaya akabaki anachechemea.

Mkewe, Mama Elienea, alimkuta amejificha migombani.

"Baba Elienea, ukifa wewe, nitazeeka na nani?"

Mzee akalainika. Akaegemea bega lake, wakateremka mlima hadi zahanati. Mlangoni akaapa, "Atakayefanya nisisikie maumivu, jogoo wangu mwekundu ni wake!"

Wakamlaza kifudifudi. Nesi Nakijwa akamwambia, "Babu, geuza vidole vya miguu vitazamane, nyama ilegee." Akapapasa tako, akachagua juu, upande wa nje, mbali na mshipa mkubwa wa fahamu. Akapaka spiriti, akangoja ikauke isije ikamwasha. Wapi! Mzee alijikaza, tako likawa gumu kama jiwe la kusagia.

Akaja Nesi Aikande, Mchaga, mtani wake. "Nyie Wapare! Mnauza ng'ombe mkashitakie mbuzi. Babu, sindano hii nayo utaipeleka baraza gani?"

"Nenda zako, Mchaga! Ungeambiwa humo ndani mna shilingi, ungejichoma mwenyewe!"

Mzee akaangua kicheko, mwili ukalegea. Hapo hapo Nakijwa akachoma upesi, akasukuma dawa polepole.

"Sasa mtachoma lini?" mzee akauliza.

"Tumeshamaliza, babu."

Mguu ukapona, na manesi wote wawili wakaja uani kwa mzee kudai jogoo.

"Ni wangu," akasema Nakijwa. "Kicheko hakijui mshipa ulipo. Ningekosea, babu angecheka siku ile na kuchechemea maisha."

"Ni wangu," akasema Aikande. "Bila utani wangu, sindano ingepinda juu ya lile jiwe."

Mama Elienea akamkumbatia jogoo. "Bila mimi mngemchoma nani, mgomba? Na huyu nimemlea mimi tangu kifaranga. Mzee aliapa kwa mali ya mwenzake!"

Mzee Mbwambo, aliyependa kesi kuliko ugali, akawatazama watatu hao. Aliwapenda wote. Kwa mara ya kwanza hukumu ikamshinda mdomoni.

Basi wenzangu, jogoo bado anawika, na mzee, kwa mguu wake mzima, amekimbilia tena migombani. Mwamulieni arudi nyumbani: je, nani alistahili jogoo?