Wimbo Ulioshushwa Ili Usikike

Nawaletea watu watatu. Wasikilizeni vizuri, maana nikimaliza nitawapa kazi.

Wa kwanza ni Eliapenda, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye kipawa cha kusoma noti za muziki hata zikiandikwa na mkono unaotetemeka. Wa pili ni Ndesario, fundi wa kompyuta pale sokoni. Huyu noti hazijui, lakini hakuna programu aliyoifungua ikamshinda. Wa tatu ni Aikande, asiyejua noti wala kompyuta. Yeye alimtunza baba mkwe wake, Mzee Anaeli, na hakuna aliyemjua mzee yule kumzidi.

Mzee Anaeli alikuwa ametunga nyimbo za tarumbeta kwa miaka thelathini, katika usharika mmoja wa kanisa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mkewe alipofariki, alianza kumtungia wimbo wa kupigwa siku ya kubariki msalaba wa kaburi. Kabla hajaumaliza, masikio yakaanza kufa. Daktari alimwambia wazi kwamba uwezo uliobaki ungetoweka baada ya majuma machache, na dawa hakuna.

Akaumalizia kichwani, kwa kukumbuka sauti. Wapigaji tarumbeta walipoujaribu mbele yake, aliona mashavu yakivimba, akasikia mngurumo wa tarumbeta kubwa tu.

"Sijui nimemwandikia nini mama yenu," alimwambia Aikande. "Huenda ni kelele. Nichomee hizi karatasi."

Aikande hakuzichoma. Alizipeleka kwa Eliapenda, akamwomba atafute njia ya kumfanya mzee ausikie wimbo wake.

Kwa siku tisa, kila alipotoka shuleni, Eliapenda alikaa dukani kwa Ndesario akiziingiza noti kwenye kompyuta moja moja. Kurasa nyingine zilikuwa zimelowa machozi, wino umetapakaa. Penye shaka aliimba kwa sauti ya chini, akafuta, akaimba tena, mpaka akaridhika kwamba ndivyo mzee alivyokusudia.

Wakabeba kompyuta na spika kubwa hadi nyumbani kwa mzee. Ndesario akabonyeza, kompyuta ikaupiga wimbo wote. Mzee aliinamia spika.

"Nasikia miguu inatembea," alisema. "Mwenye miguu simsikii."

Ndesario akaongeza sauti. Mzee akaziba masikio kwa maumivu, akawaomba waondoke.

Walikuwa wamekwisha kukunja nyaya pale Aikande alipowafuata uani.

"Mwalimu, baba hasikii birika likipiga mluzi, wala kuku," alisema. "Lakini mchi ukitwanga anausikia. Ng'ombe akilia anamsikia. Mimi nikitaka anisikie, sipazi sauti. Naifanya nzito, kama ya mwanamume."

Ndesario akafungua kompyuta juu ya ukuta wa zizi. Programu ile ilikuwa na mahali pa kuiamuru tarumbeta ndogo, ile inayobeba sauti ya juu ya wimbo, ipige chini ya ilivyoandikwa, wakati wa kusikiliza tu, noti zenyewe zisibadilike. Akaishusha hatua nne. Wakarudi ndani, na mzee akatikisa kichwa kukataa. Akaishusha hatua nane, akapunguza ile tarumbeta kubwa isije ikaifunika.

Mzee Anaeli akashika ukingo wa meza.

"Rudieni," alisema.

Walirudia mara tatu. Mara ya tatu akainua kidole. "Hapo. Noti hiyo siyo."

Eliapenda alishtuka akidhani amekosea. Akatazama karatasi, na ndivyo ilivyoandikwa.

"Basi nilikosea mimi," mzee alisema. Akaisahihisha, wakaipiga, naye akalia bila kujificha. "Sasa ndiye."

Akaangua ukutani tarumbeta aliyopuliza tangu ujanani. "Hii ni ya aliyenirudishia wimbo wangu," alisema, akaiweka mezani. Jina hakutaja.

Juma lile lile masikio yakaziba kabisa. Siku ya msalaba wimbo ulipigwa juu, kama ulivyoandikwa, na Mzee Anaeli alikaa kando ya kaburi akitazama vidole vya wapigaji.

Baadaye watatu wale walikutana sebuleni kwake.

"Bila zile noti," Eliapenda alisema, "kungekuwa na kitu gani cha kushusha?"

"Zilipigwa, Mwalimu, na hakuzisikia," Ndesario alijibu. "Alisikia niliposhusha."

"Mlikuwa mnaondoka," Aikande alisema taratibu. "Mlishakunja nyaya."

Wakamwandikia mzee swali kwenye karatasi: tarumbeta ni ya nani? Alilisoma mara mbili.

"Nimesema mmoja, na ahadi yangu siivunji," alisema kwa ile sauti kubwa ya asiyejisikia. "Lakini nikimtaja mmoja nitawaumiza wawili, na mimi nimebaki na nyinyi tu. Mtafuteni mtu mwingine aamue."

Basi mtu huyo ni wewe uliyenisikiliza. Tarumbeta iko mezani, na watatu wote wanakutazama. Unamkabidhi nani?