Ndala Mlangoni mwa Klabu

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Maana yake ni kwamba ukicheza ugenini watu hukutazama miguu tu, lakini ukicheza kwenu wanakujua mpaka mama aliyekubeba, kwa hiyo hawaoni uzito kuinuka na kukupa tuzo. Asmahani wa mtaa wa Mabawa aliisoma methali hiyo shuleni na akapata vema, ila alikuwa bado hajaijua.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mwembamba kama ufito, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo inayokaa masikioni. Aliimba katika bendi ya watu watatu. Wenzake walikuwa Lucas, mpiga ngoma, mtoto wa wakata mkonge wa kule Muheza, na Badru wa gita la besi. Nyimbo walitunga wenyewe, wala hawakuwa na tajiri wa kuwashika mkono. Kila Jumamosi walipiga katika klabu ya Tadeo, ambayo zamani ilikuwa gereji. Kuta zilikuwa na madoa ya grisi, bati limetoboka mahali patatu, na spika moja ilikoroma kama mzee mwenye mafua. Kwa kuwa msikiti ulikuwa jirani, muziki ulianza baada ya sala ya alasiri na kukoma kabla ya adhana ya magharibi.

Shida ilikuwa watu. Jumamosi tatu mfululizo walikuja wachache mno, na Tadeo akachoka.

"Vijana, nawapenda," aliwaambia, "lakini mapenzi hayaezeki bati. Kuna mtu wa saruji anataka kupafanya hapa ghala lake. Jumamosi hii pakiwa patupu tena, Jumatatu nampa ufunguo."

Asmahani alijitahidi, ila alielekea siko. Alikwenda mpaka Ushongo kubandika matangazo kwenye hoteli ili watalii waje. Pale mtaani hakumwambia mtu. Bibi yake, Bi Mastura, alipomwuliza mbona hawaaliki majirani, alijibu, "Bibi, muziki wenyewe si wa watu wa huku. Hamtauelewa." Bi Mastura akaendelea kufagia. Alimlea tangu ana miaka miwili, akajua kuwa mtoto akisema hivyo anaogopa kuchekwa.

Jumamosi ikafika. Mtalii hakuja hata mmoja. Waliokuja ni vijana wanne, wakaegemea ukuta na soda zao.

Mtaa wa pili kutoka hapo, Bi Mastura alikuwa kwa jirani yake Bi Samiha pamoja na wanawake ishirini na ushei, wakichambua mchele wa harusi. Wakausikia wimbo wa kwanza ukiisha, kisha kimya. Wa pili nao ukaisha, kimya vilevile.

Bi Mastura akaweka ungo chini. "Hapigiwi hata kofi. Mjukuu wangu anaziimbia kuta."

"Sasa wewe utafanyaje?" aliuliza Bi Samiha.

"Nakwenda. Mchele hauna miguu, utatungoja."

"Hukualikwa, shoga."

"Kwani msibani naalikwa?"

Bi Samiha akacheka, akakunja mkeka, akaufuata mgongo wa mwenzake. Na wengine nao wakafuata.

Tadeo alipoliona kundi lile la wanawake likija, alitupa turubai juu ya kreti za bia upesi kama mwizi. "Shikamooni, mama zangu!"

"Marahaba, baba."

Wakavua ndala mlangoni, kama wanavyofanya wakienda kwenye maulidi, wakaikanyaga ile sakafu ya grisi bila kusita, wakatandika mikeka mbele ya jukwaa. Wale vijana wanne wakatazamana, kisha kwa haya nao wakavua raba zao.

Asmahani alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaimba wimbo wa Kiingereza, macho juu kwenye bati.

"Mbona analia hivyo, anaumwa?" Bi Samiha alinong'ona.

"Huenda ni jino," akajibu aliyeketi kando yake.

Ulipoisha wakapiga makofi ya adabu, kama wampigiayo diwani. Lucas akainama mbele. "Asma, tupige 'Bomba'."

"Hapana! Wenyewe wamo humu."

"Basi watakusikia vizuri," alisema Lucas, akaanza kugonga.

"Bomba" ulikuwa wimbo wa bomba la mtaa wao, linalotoa maji alfajiri tu. Walipoupiga Dar es Salaam walikoalikwa mara moja, watu waliendelea na simu zao. Asmahani akafumba macho, akaimba. Ubeti wa pili ulimtaja mama mwenye ndoo ya bluu, anayeiweka ndoo mbele ya foleni, kisha anarudi kulala.

Ndoo ile kila mtu aliijua.

Bi Samiha akainuka. Uso ameukaza, mkono ameunyanyua juu, akaja taratibu huku kiuno kikiifuata besi. Badru akadhani mama wa watu anakuja kumzaba Asmahani kofi. Akaruka mbele na gita lake, akasimama katikati.

"Mama, tusamehe! Ni wimbo tu!"

"Pisha, mwanangu! Nisamehe nini? Natunza! Ndoo ni yangu, na kulala nalala!"

Kicheko kikapasuka. Bi Samiha akafungua kiganja, akabandika noti kwenye paji la uso la Asmahani. Wanawake wakajipanga nyuma yake, wakija kwa madaha mmoja mmoja. Mmoja akatoa upande wa kanga, akamfunga Lucas kiunoni hali anapiga. Vigelegele vikafika barabarani, na wapita njia wakaanza kuingia, wakivua viatu bila kujua kwa nini, mpaka ndala zikaziba mlango.

Bi Mastura alikuja wa mwisho. Hakuwa na noti. Akachomoa kikuba cha maua ya asumini kifuani pake, akamchomeka mjukuu wake begani.

"Ulisema hatutaelewa."

Machozi yakamlenga Asmahani. "Nisamehe, Bibi. Niliona haya."

"Haya ya nini? Imba. Wimbo haukatwi katikati."

Akaimba mpaka ilipokaribia magharibi, na hakuna aliyetoka. Tadeo alisimama kando ya turubai lake, simu sikioni, akipaza sauti juu ya vifijo: "Bwana, ghala katafute kwingine! Hapa pana wenyewe!"

Asmahani aliwatafuta wasikilizaji Ushongo na Dar es Salaam, kumbe walikuwa mtaa wa pili wakichambua mchele. Hakika, mcheza kwao hutunzwa.