Shekolowa Hajatoka Kazini

Msumeno wa kiwanda cha mbao ulimkata Shekolowa kidole gumba, kikadondoka. Mwenye kiwanda, Bwana Mbelwa, akakataa kumtibu.

"Uzembe wako huo! Nenda nyumbani."

"Sawa, bosi. Kwani anayetoka kazini hufanyaje?"

"Hubonyeza kidole gumba kwenye mashine ya mahudhurio. Asiyebonyeza yuko kazini, hata akilala kwake!"

Wenzake wote walisikia. Shekolowa akaenda zake.

Wiki tatu baadaye alirudi na bandeji kichwani.

"Bosi, nimeumia tena kazini. Nimeanguka kitandani."

"Kazini gani?"

"Sijabonyeza. Kidole cha kubonyezea kilibaki kwenye msumeno wako."

Wenzake wakazima misumeno wasikilize. Mbelwa akampakia garini, akaliondoa mbio kuelekea hospitali.

"Polepole, bosi," Shekolowa akasema. "Bado niko kazini."