Kosa la Kwenye Mkeka

Shangazi yake Mashavu ndiye aliyemwambia kwamba mwongo hakutazami machoni. Kwa hesabu hiyo Mashavu alikuwa mwongo tangu kuzaliwa, maana kwa haya yake alivijua vidole vya watu kuliko sura zao. Tajiri Bi Zamda alipodai kwa sheha kwamba mkeka aliousuka Mashavu ni wake, Mashavu alijiona ameshaukosa.

“Nitazame basi, mwongo we!”

Mashavu akainua macho. “Bibi, wangu una kosa pembeni. Mtoto alinivuta mkono.”

“Kosa hilo nalijua, nimelifanya mimi!”

Sheha akaukunjua mkeka. Haukuwa na kosa lolote.

“Mashavu, kumbe nawe umedanganya!”

“Ndiyo, mzee. Na nimemtazama machoni.”

Sheha akacheka, akampa mkeka wake.

Kesho yake asubuhi Mashavu alimwamkia Bi Zamda, macho yakiwa yamesharudi vidoleni.