Godoro la Wageni

Kaeni, wapendwa. Na leo nawaomba msiniitikie amina mapema, maana mnaitikia jambo ambalo hamjalisikia. Mvua hii imepiga bati tangu asubuhi, kwa hiyo ninyi wa nyuma sogeeni mbele, sina koo la kushindana na bati. Haya. Nina habari ya godoro.

Mnacheka. Chekeni tu. Mimi mwenyewe leo sina kicheko.

Kulikuwa na mume na mke, watu wazima, watoto wameshaondoka nyumbani. Huyo bwana tumwite Baba Tusajigwe. Sio jina lake, kwa hiyo msianze kugeuza shingo kumtafuta. Walikuwa wakulima wa viazi na chai kidogo, watu wa ibada, hawana ugomvi na mtu. Walikuwa na godoro moja la sponji, walilolilalia tangu binti yao Tusajigwe, Tusa kwa kifupi, yuko darasa la pili. Huyo binti sasa ana watoto watatu, basi mnaelewa godoro lenyewe lilikuwaje. Katikati lilikuwa limefanya bonde. Ukilala pembeni unaserereka, na mwenzako naye anaserereka, mnakutana huko chini kama viazi ndani ya gunia. Ujanani walilicheka hilo bonde. Uzeeni halikuwachekesha tena, maana mama alianza kuumwa mgongo.

Na mgongo wenyewe haukuwa wa kusingizia. Alikuwa anaamka kwa vipande: kwanza kiwiko, halafu anakaa, halafu anashika ukuta na kusubiri maumivu yampishe asimame. Mumewe yuko nje ameshavaa mabuti, anaita, "Mama Tusa, bado tu?" Basi mama akaenda zahanati. Daktari akamwambia, "Mama, dawa nitakupa, lakini dawa yako kubwa ni pa kulala. Tafuteni godoro gumu, lisilobonyea. Bila hivyo utakuwa mtu wa kuja hapa kila mwezi."

Sawa, watafute. Wapi? Ninyi mnapajua kwetu. Duka la magodoro lilikuwa moja tu, pale stendi, na siku waliyokwenda barabara ilikuwa imekatika, lori la mzigo lilikuwa halijapanda huku wiki tatu. Dukani yamebaki magodoro matatu. La kwanza nene, lina maua mekundu, linapendeza kweli, lakini ukilibonyeza mkono unazama wote. La pili jembamba, ukililalia unahesabu mbao za kitanda kwa mbavu zako. La tatu lilikuwa nyuma kabisa, la bluu, limejaa vumbi, zito, dada mwenye duka alilisukuma kwa goti ndipo likasogea.

Dada akasema, "Hili watu hawalipendi, wanataka laini. Lakini hili, baba yangu, mtazeeka mliache vilevile. Mama, vua viatu upande ulale kidogo, ulisikie mgongoni."

Mama akainama kuvua viatu. Mumewe akamshika mkono.

"Mtu mzima utalala dukani, na watu wanapita?"

"Dakika moja tu, Baba Tusa."

"Hebu tuache aibu hizo. Nitalipima mimi."

Akakunja ngumi, akalitwanga mara tatu. Likamrudisha mkono. "Ndilo hili," akasema. Na ndilo lilikuwa kweli, hakukosea kuchagua! Mama yeye aliweka kiganja juu ya ile nailoni lililofungiwa toka kiwandani, akakiacha hapo mpaka walipoambiwa wapishe libebwe. Wakati wanatoka, dada wa duka akawaita: "Mkifika nyumbani nailoni muitoe, jamani. Sio ya kulalia."

Likafika nyumbani kwa mkokoteni. Mama alikuwa ameshalikunja lile kuukuu na kulisimamisha ukutani, amefagia chumba, ametoa shuka safi. Mume akasimama mlangoni, akaliangalia godoro jipya linavyong'aa, akaingiwa na huruma. Sio huruma ya mke. Huruma ya godoro.

"Unajua," akasema, "hiki ni kitu cha kudumu. Tukililalia sisi na matope yetu ya shambani, mwaka hauishi limekuwa kama lile. Tuliweke kwanza chumba cha wageni. Wakwe wa Tusa wanakuja mwezi ujao, utawalaza kwenye bonde?"

"Na mgongo wangu, Baba Tusa?"

"Wakishaondoka tu, tunalihamisha."

Mama akasema, "Haya."

Akina mama mliopo hapa, mnaijua hiyo "haya". Mmeisema mara ngapi? Na sisi wanaume tumeisikia mara ngapi, tukadhani maana yake ni ndiyo?

Lakini msimrukie mzee wa watu. Nani kati yenu hana vikombe vya wageni kabatini? Nani hana sahani zenye ua la dhahabu, ambazo watoto wake wamezaliwa, wamekua na wameoa bila kuzilia hata siku moja? Sisi tunakunywa kwenye kikombe cha bati kilichobanduka, halafu anakuja mtu tusiyemjua jina la pili, tunamfungulia kabati. Ndivyo tulivyolelewa, na tunajisifu kwamba ni ukarimu. Ni ukarimu kweli. Ila kuna watu ndani ya nyumba wanaolipia huo ukarimu, na wao hatujawahi kuwakaribisha.

Basi wakwe walikuja. Waliona mawingu, wakaogopa barabara, wakaondoka jioni ileile. Mama akauliza, mume akasema ngoja Krismasi ipite, watoto wanakuja. Watoto hawakuja. Akauliza tena, akaambiwa bati la chumba chao linavuja juu ya kitanda, godoro litalowa, ngoja kwanza bati lizibwe. Bati likazibwa. Kikaja kipaimara cha mjukuu, pengine wageni wangelala. Baada ya hapo mama hakuuliza tena. Kila Jumamosi alikuwa anaingia chumba cha wageni na kitambaa kibichi, anafuta vumbi juu ya nailoni, anatandika upya shuka aliyoidarizi mwenyewe, anafunga mlango. Halafu anarudi kulala bondeni.

Miaka miwili na zaidi, wapendwa, godoro lile lililaliwa na mtu mmoja tu. Mtumishi wa Mungu alipita huko kutembelea familia, mvua ikamfungia njia, Baba Tusajigwe akafurahi sana: "Leo godoro limempata mwenyewe!" Yule mtumishi akalala. Nailoni ilikuwa inapiga kelele kila akijigeuza, lakini alilala. Asubuhi mama akamletea maji ya kunawa, mkono mmoja umeshika jagi, mwingine umeshika ukuta.

"Umelala, baba?"

"Nimelala, mama. Tena nimelala hasa."

Mama hakuondoka. Akauliza tena, taratibu, "Likoje mgongoni?"

Mgeni akacheka. Alidhani ni mwenye nyumba anataka kusifiwa kitu chake kipya. Akasema, "Mama, hilo ndilo godoro! Mnafaidi ninyi!"

"Ahsante, baba," mama akasema. "Nilitaka tu kujua."

Mgeni akanywa chai, kwenye kikombe chenye ua la dhahabu, akasimama akaomba. Katika maombi yake akamshukuru Mungu kwa nyumba hii isiyopungukiwa na kitu. Mama akaitikia amina. Mgeni akaenda zake.

Mwezi wa sita, kwenye ile baridi yetu, mama akashikwa na homa ya mapafu. Siku nne. Sisemi godoro lilimuua, msiende kusema mchungaji kasema. Godoro halikumuua. Alikufa kwa siku zake kama tutakavyokufa sisi sote. Ninachosema ni kwamba alikufa bila kulilalia.

Mnajua msiba wetu unavyokuwa. Viti vinatoka nje, wanaume wanakaa kwenye moto, sebuleni zinatandikwa mikeka na magodoro, akina mama wanakaa chini na mfiwa. Basi akina mama wakapita chumba hadi chumba wanakusanya magodoro. Wakafungua chumba cha wageni, wakalikuta, na shuka yake imenyooka. Mmoja akachukua kisu cha kumenyea viazi, akakata ile nailoni toka juu mpaka chini, wakaliburuta sebuleni, wakakaa watano juu yake. Baba Tusajigwe alikuwa anapita kuelekea nje, koti begani. Akasikia mmoja anasema, "Jamani, godoro hili gumu! Watano na wala halibonyei."

Mwingine, jirani wa karibu, mwanamke mwenye nia njema kabisa, akajibu huku anafuta machozi, "Heri. Angalau mwenzetu na mgongo wake ule alikuwa na pa kulala."

Mzee akasimama. Angesema nini? Hebu nanyi mniambie, angesema nini pale mbele ya watu? Akatoka, akaenda kusimama nyuma ya jiko kwenye mvua mpaka watu walipomfuata na kumrudisha ndani.

Kesho yake makaburini, ukasomwa wasifu wa marehemu. Mzee mwenyewe aliuandika. Loo, maneno yale! Mke wangu mpendwa, mvumilivu, nguzo yangu, mama wa huruma, sijapata kuona kama wewe. Watu walilia. Binti yake Tusa alikuwa amesimama karibu na mimi, akaniinamia, akasema kwa sauti ndogo, "Baba mchungaji, mimi nimekulia nyumba ile. Sijawahi kumsikia baba akimwita mama mpendwa. Hata mara moja."

Ndiyo, nimesema karibu na mimi. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemzika yule mama, na yule mgeni aliyelala juu ya godoro lake alikuwa mimi.

Nilimwona ameshika ukuta. Nilimwona! Mchungaji wake, ninayesimama hapa kila Jumapili kuwaambia mpendane. Aliniuliza, likoje mgongoni, nami nikacheka. Mzee aliponieleza mambo yote baada ya arobaini, ndipo nikaelewa nilikuwa nimeulizwa nini. Alikuwa anaomba nimsimulie godoro lake. Mgonjwa anauliza ladha ya dawa yake kwa mtu aliyeinywa. Tangu siku hiyo kila nikilala vizuri naamka na uchungu.

Mzee siku hizi anaishi kwa binti yake. Amelikuta godoro la bluu limetangulia, Tusa alilichukua, amemtandikia. Amelikataa. Ameomba aletewe lile kuukuu, na analala upande wake, pembeni, anashikilia kingo asiserereke. Ananiambia, "Mchungaji, nikishuka katikati hakuna mtu."

Sasa sisi. Maana mimi sikuja kuwahubiria magodoro. Ni nini ulichokichagua vizuri, kigumu, cha kudumu, ukakiacha ndani ya nailoni? Samahani unayo, umeitunza, unangoja siku ya maana. Ahsante unayo. Neno "mpendwa" unalo, zuri kabisa, halijatumika, unalihifadhi uje ulisome kwa kipaza sauti, na mwenyewe amelala kwenye sanduku hasikii. Wageni tunawachekea vizuri sana. Mimi nikija kwenu mnanichekea mpaka nashangaa. Halafu nikitoka getini nasikia sauti mnazoitana.

Nilisema msiniitikie amina mapema. Hata sasa sitaki. Yule mama aliniitikia amina, na mimi nikaondoka nimeridhika.

Nendeni nyumbani mapema leo, ibada nimeifupisha makusudi. Kuna mtu kwenu ameshika ukuta. Usimuulize kama anahitaji kitu, atakujibu "haya", unamjua. Ingia chumbani, chukua kisu, kata hiyo nailoni, umwambie alale. Na ukae hapo kitandani mpaka akuambie mwenyewe likoje mgongoni.