Kwa Nini Wapasua Mbao wa Itulwe Hawasemi Amina Siku ya Jumatatu

Zamani, Jumatatu ilipokuwa bado haijafundishwa adabu, watu wa Itulwe walianza wiki kama watu wanaokimbizwa na mbwa. Jumapili ilikuwa ya Mungu, hilo hakuna aliyelibishia. Walivaa wakapendeza, wakaimba mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Lakini ukungu wa Jumatatu ulipoanza tu kuinuka kwenye migomba, kila mpasua mbao alijitwika msumeno na kifuko cha unga, akashika njia ya msitu wa juu, na huko hakutoka mpaka Jumamosi. Aliyetaka kusali alisali kwake, chapuchapu, huku akimenya kiazi. Asiyetaka, shauri yake.

Nanyi msidhani kazi yenyewe ilikuwa ya mchezo. Gogo lilipandishwa juu ya jukwaa la miti, mtu mmoja akasimama juu yake, mwenziwe akasimama chini yake, wakavutana msumeno kutwa nzima. Wa juu aliumia mgongo. Wa chini alikula unga wa mbao, macho yakamwasha, na gogo lote lile lilikuwa juu ya utosi wake.

Lusubilo alikuwa mtu wa chini. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye cheko la kuambukiza, na katika kijiji kizima yeye peke yake ndiye aliyeipa Jumatatu sala ya kutosha. Loo, na ilikuwa ndefu! Alipiga magoti karibu na jiko akaanza kutaja watu. Alianza na mama yake, akaja kwa binti yake Lugano, akaenda kwa jirani mwenye kikohozi, akapita kwa ng'ombe wa jirani huyo, akawataja mpaka waliomkosea. Wa mwisho alikuwa mkewe, Tusekile. Kila Jumatatu sala ilimalizika hivyohivyo: "Na Tusekile. Amina."

"Kwa nini mimi wa mwisho, kama mwanakondoo mlemavu?" Tusekile alikuwa akimchokoza. "Mpaka unifikie, Mungu ameshasinzia."

"Kitamu huliwa mwisho, Mama Lugano," alijibu, na Tusekile akajifanya hakusikia, ingawa alisikia sana.

Sasa ikaja ile Jumatatu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi yake, kuni zilikuwa mbichi, na moshi ulijaa nyumba nzima. Uji ulifurika ukazima moto. Mtoto alilia. Huko njiani wenzake walikuwa wakipiga mluzi, na Mwandenga, yule aliyevuta naye msumeno, alikuwa akimwita kwa sauti ya kukera. Lusubilo alikuwa bado kwenye ng'ombe wa jirani.

"Baba Lugano, wenzako wanakuacha! Ishia hapo hapo," Tusekile akasema, mwiko mkononi. "Amina utaisema Jumamosi."

Lusubilo akafungua jicho moja. "Sijakufikia."

"Utanikuta. Naenda wapi mimi?"

Akacheka, akainuka, akajipangusa magoti. "Haya. Basi usiifunge. Nitakuja kuifunga mwenyewe." Akabeba msumeno, akainama mlangoni kama kawaida yake, akaenda. Tusekile hata hakutoka nje kumsindikiza. Alikuwa anapuliza moto. Sisi sote tunajua kusema haraka haraka haina baraka, lakini uji ukifurika nani anaikumbuka?

Jumamosi ilipofika Tusekile alifagia uwanja, akabandika maji ya kuoga ya mumewe, akamvalisha Lugano gauni safi. Alasiri akawaona wapasua mbao wakishuka mlimani. Walikuwa wakitembea polepole. Mpasua mbao siku ya Jumamosi hatembei polepole, ana hamu ya kwao. Tusekile akasimama na ufagio wake, akatazama, na kabla hajaona walichobeba, miguu yake ilikuwa imeshajua. Akakaa chini pale pale uwanjani.

Walikuwa wamemlaza juu ya mbao alizopasua mwenyewe. Ijumaa ile mguu wa jukwaa ulitereza kwenye tope, gogo likashuka, na Lusubilo alikuwa chini yake. Maji ya kuoga yalichemka mpaka yakakauka. Hakuna aliyekumbuka kuyaipua.

Walimzika kesho yake. Mzee wa kanisa, Mwalwisi, aliomba maombi mazuri, wala simsengenyi, na watu wote wakaitikia Amina mpaka bonde likarudisha sauti. Tusekile alifunga mdomo wake. Maombi ya pili, akafunga. Maombi ya tatu, ya kufunika kaburi, akafunga vilevile. Wanawake wakaanza kutazamana. Mmoja akamshika bega akamwambia lile neno tunaloambiana sote tukikosa la kusema: "Kazi ya Mungu haina makosa, mwanangu."

"Ya Mungu haina," Tusekile akasema. "Yangu ndiyo yenye makosa."

Jamani, kuna uchungu wa kufiwa, na kuna uchungu wa kufiwa ukidhani mkono wako umo. Huu wa pili hauna matanga. Tusekile aliamini kwamba sala ya mumewe ilikuwa paa lake, na yeye ndiye aliyelibomoa kwa ajili ya uji. Mwalwisi alikuja kumwona, akakaa kwenye kigoda, akamwambia kwa upole, "Binti yangu, Mungu hangoji Amina ndipo asikie. Haihitaji."

"Najua, mzee. Yeye haihitaji. Ninayeihitaji ni mimi."

Mwalwisi akanywa maji aliyopewa, akaaga.

Mwandenga ndiye aliyekuja mwisho. Alikuwa amejificha siku zote za matanga, kwa sababu yeye alikuwa juu ya gogo na yeye aliruka akapona, na mtu aliyepona huona aibu mbele ya mjane. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, kuna jambo nimelikalia. Wiki ile Lusubilo alitushangaza. Kila jioni tuliposema Amina kibandani yeye alinyamaza. Tukimuuliza, anacheka. Anasema, 'Mke wangu kaniwekea yangu ya Jumamosi.' Akasema hakujua kumbe sala ikiachwa wazi mtu anaweza kuongeza watu. Basi akawa anaongeza. Kila siku wawili watatu. Alitutia wote mle ndani, shemeji, hata mimi niliyekuwa namdhihaki. Ijumaa asubuhi alikuwa ameshatumaliza."

Tusekile akauliza kitu kimoja tu, na aliuliza akiangalia jiko. "Na mimi? Alinifikia?"

Mwandenga angeweza kudanganya. Watu wazuri wengi wangedanganya. Lakini alikuwa mtu wa kweli hata pale ukweli unapouma. "Tulimwambia amtaje mkewe. Akasema hapana, wewe ni wa Jumamosi, karibu na Amina."

Hapo ndipo Tusekile alipolia. Tangu msiba uingie alikuwa hajalia, na siku hiyo alilia mpaka majirani wakaja wakidhani kuna kifo kingine. Mumewe hakuwa ameachwa bila sala hata siku moja. Msituni walikuwemo wote ndani yake. Tusekile tu ndiye aliyebaki nje, mlangoni, na mwenye ufunguo hayupo.

Wiki iliyofuata, Jumatatu, wapasua mbao waliinuka kwenda kazini. Wangefanyaje? Njaa haivai nguo nyeusi. Wakakuta Tusekile amesimama katikati ya njia, pale kijito kinapokatiza, khanga kiunoni.

"Hampiti," akasema.

Wakadhani msiba umemchanganya. Mwalwisi akaja anahema, mkongojo mkononi. Tusekile akamwambia, "Mzee, waombee. Wataje kwa majina, mmoja mmoja, na kila mtu ataje wake. Ila nakuomba, usiifunge."

"Sala isiyo na Amina? Mwanangu, hatukufundishwa hivyo."

"Hatukufundishwa, mzee. Lakini ukiifunga leo, anayeumia Jumatano ataingilia wapi? Iacheni wazi. Waongezane humo wiki nzima. Wakirudi Jumamosi, tukiwaona kwa macho, ndipo waifunge wenyewe."

Mzee akamtazama, akatazama wale vijana na misumeno yao, akavua kofia. Aliwaombea mmoja mmoja. Alipofika mwisho, ulimi wake uliozoea ulianza "A...", akaimeza. Kikawa kimya, kijito tu ndicho kilichosikika. Wakapanda mlimani na kile kimya.

Jumamosi walirudi wote. Tusekile alikuwa pale pale kijitoni, akiwatazama nyuso. Wakavua kofia wakasema Amina kwa nguvu, na wengine walilia bila kuona haya. Tusekile hakuitikia. Mwandenga akamsogelea akamwuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, ya Lusubilo nayo tuifunge? Tukutaje?"

"Bado," akasema. "Aliniahidi ataifunga mwenyewe. Nitamngoja."

Na alimngoja, ndugu zangu. Kila Jumatatu alisimama kijitoni, na kila Jumamosi. Lugano alikua akaolewa. Misumeno ilichakaa ikaja mipya, wanaume waliokuwa vijana wakaota mvi, na Tusekile alikuwa akisikia Amina ya wenzake akiwa amefunga mdomo. Kila walipomwuliza alisema bado. Mtu wa nje angemwita mkaidi. Mimi namwita mke.

Alifariki uzeeni, usingizini, siku ya Alhamisi. Mwandenga alikuwa hai bado, haoni vizuri, akitembea kwa kushikwa mkono. Akasema mama huyu hazikwi kabla ya Jumamosi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Wapasua mbao wakashuka mapema, wakaja kaburini na misumeno mabegani. Walimlaza kando ya Lusubilo. Mchungaji, kijana mgeni, akafungua kitabu chake ili amalizie, na Mwandenga akainua mkono.

"Subiri, baba. Kuna sala ilianza hapa zamani sana. Mwenyewe alituachia wazi."

Akapiga magoti kwa shida, akaweka kiganja juu ya udongo, mkono wa pili akauweka kwenye kaburi la rafiki yake. Sauti yake ilikuwa imekwisha, lakini wote waliisikia.

"Na Tusekile," akasema. "Amina."

Na tangu siku hiyo, Itulwe nzima, awe mpasua mbao, mchuma chai au mwalimu wa shule, huanza Jumatatu kwa kutaja wake mmoja mmoja, kisha hunyamaza. Mgeni akiponyokwa na Amina, watoto humwambia, "Bado, bado." Jumamosi, watu wakishaonana kwa macho kwamba wamerudi, husimama penye kijito wakavua kofia, na hutaja jina la mwanamke ambaye wengi wao hawakumwona kamwe. Wakishamtaja yeye, ndipo huifunga.